Wanne wenye miguu tofauti: tuendeshe baiskeli wapi Uganda?

Swali: Tunaishi Ntinda, Kampala. Mimi huendesha baiskeli ya barabara kila Jumapili alfajiri, kilomita 50 au 60. Mume wangu hajawahi kuvuka 30. Binti yetu ana miaka 14, ana baiskeli ya milimani na hamu kubwa. Mdogo wangu wa kiume anakuja kutoka Arusha, na yeye hushindana. Tuna siku nne katika likizo ya mwisho wa mwaka na gari moja. Tunataka lami, mashamba na magari machache. Wengine wanatuambia tushike tu barabara ya Masaka mpaka ikweta, wengine wanasema Jinja. Unatushauri nini? Na tubebe baiskeli zetu au tukodi?

Jibu: Dada yangu, nianze na hiyo barabara ya Masaka. Wanaokushauri wanakutakia mema, ila nina shaka kama wamewahi kukaa juu ya tairi la milimita 25 huku basi la Mbarara likilipita lori na kukujia uso kwa uso. Ikweta ya Kayabwe iko kilomita sabini na kitu kutoka Kampala na picha pale ni nzuri, lakini njia ile ndiyo inayobeba mizigo ya kusini-magharibi yote, pamoja na ya Rwanda. Nendeni kwa gari, pigeni picha, basi. Kuendesha kutoka Kampala hadi Jinja kwa kupitia Mukono na Lugazi ni hivyohivyo: hiyo ndiyo njia ya mzigo wa bandari ya Mombasa, na malori ya Malaba na Busia, mipakani na Kenya, yote huangukia humo. Barabara ya mwendokasi ya Entebbe hata msiifikirie, baiskeli hairuhusiwi.

Mtu anayetafuta barabara tulivu huuliza kama ina lami na kama ina milima. Mimi huuliza kwanza inaishia wapi. Barabara inayoishia kwenye mpaka mkubwa, kiwanda cha saruji au kiwanda cha sukari itakuwa na malori, hata ramani ikiionyesha nyembamba katikati ya kijani kitupu. Inayoishia kwenye mji mdogo wa wilaya, au ziwani, ina boda boda, ng'ombe wa jioni na pikapu ya maziwa. Chukua Fort Portal hadi Kasese, kilomita kama 75: mnaelekea kusini, Rwenzori iko kulia kwenu njia nzima, lami haina tatizo. Lakini Hima kuna saruji, na ukipita Kasese kuna Mpondwe, mlango wa Kongo. Utatazama kioo cha nyuma muda wote, mlima hutauona.

Jambo la pili linahusu nyinyi wanne. Familia zenye nguvu tofauti hupenda kutafuta mzunguko, kwa sababu hakuna anayependa kurudia njia aliyokwisha kuiona. Kwenye mzunguko, aliyechoka nusu ya njia hana faida ya kugeuka. Nyumbani ni mbali mbele na ni mbali nyuma, na wenzake watalazimika kumngoja kila kilima huku yeye akiona aibu. Mimi huwapa watu barabara ya kwenda na kurudi palepale. Mnaondoka pamoja, kila mmoja anageuka akitosheka, na mwenye mbio huenda mbali kisha akawakuta wenzake njiani au mezani. Mwelekeo ukibadilika, barabara nayo hubadilika kuliko watu wanavyodhani: mteremko wa asubuhi ndio mlima wa mchana.

Kwa hiyo mnahitaji mji mmoja wa kulala siku zote nne, wenye barabara zinazotoka kwenda pande tofauti. Ushauri wangu ni Fort Portal. Ni kama kilomita 300 kutoka Kampala kwa njia ya Mubende, mpande gari. Mji umeitwa jiji tangu Julai 2020, lakini ukitoka katikati kwa dakika kumi uko kwenye migomba na chai. Uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, kwa hiyo asubuhi ni baridi kweli. Kila mtu abebe sweta, na glavu hazitakuwa kichekesho.

Siku ya kwanza shikeni barabara ya Kamwenge. Naipenda kuliko zote nchini kwa watu kama nyinyi, kwa sababu ya mahali vituo vyake vilipo. Kilomita 20 hivi kutoka mjini kuna Ziwa Nyabikere, ziwa la kreta (shimo la volkano ya kale) lililo kando ya barabara yenyewe. Hapo mumeo na binti wageuke: 40 kwenda na kurudi, tayari baba atakuwa amevunja rekodi yake. Mbele ya hapo lami inaingia katika msitu wa Kibale, miti inafunga pande zote mbili, joto linashuka ghafla, na kwenye kilomita 35 hivi unapita Kanyanchu, wanapoanzia watalii wanaokwenda kuwaona sokwe. Ukitoka msituni unaingia Bigodi, senta ndogo (kijiji cha maduka) yenye kinamasi maarufu kwa ndege. Wewe geukia hapo, utakuwa umepata karibu 80. Mdogo wako aendelee mpaka Kamwenge yenyewe, arudi na 130 miguuni. Hakuna aliyemngoja mwenzake, na wote mna habari ya barabara moja jioni.

Mlima mkubwa mmoja haupo huko, ila tambarare nayo haipo. Unashuka kwenye bonde lenye mafunjo, unavuka kalvati, unapanda upande wa pili, na unaona bonde jingine. Mtu akianza kwa fujo, miguu itakwisha kabla ya ziwa. Mwambie mumeo apande kila kilima kwa gia nyepesi kuliko anayodhani anahitaji, na binti naye asishindane na mjomba.

Kwenye vilima hivyo mtakutana na waendesha baiskeli halisi wa Uganda: wanaume wanaosukuma baiskeli nzito za chuma zenye mikungu mitatu, minne ya matoke, miwili ikining'inia ubavuni, mmoja au miwili juu ya keria. Kupanda wanatembea. Kushuka wanapanda juu, na kwa sababu breki za fimbo hazitoshi kwa mzigo ule, utaona mtu amekandamiza soli ya ndala kwenye tairi mpaka vumbi la mpira linaruka. Mtu huyo hawezi kukukwepa wala kusimama. Msipite katikati yake na ukingo wa lami. Mpisheni kwa nafasi kubwa, msalimieni, endeleeni.

Kuhusu msitu: ndovu wa Kibale huvuka barabara, hasa alfajiri na jioni. Ingieni sehemu ya msitu baada ya saa tatu asubuhi na muwe mmetoka kabla ya saa kumi. Nyani watakuwepo muda wowote, wamekaa kwenye lami kama wenye nyumba. Hawana neno mpaka waone ndizi, kwa hiyo chakula kikae mfukoni, na msisimame kula humo.

Siku ya pili mpeni binti. Upande wa Kasenda, kusini mwa Fort Portal, maziwa ya kreta yamejazana, na barabara ni za udongo. Baiskeli yake ya milimani ndiyo itakayoringa, na nyinyi wenye matairi membamba mtajifunza unyenyekevu. Ziwa Nyinambuga liko huko; ndilo linalosemekana kuchorwa kwenye noti ya shilingi 20,000, na watoto wa njiani watawaambia hivyo kabla hamjauliza. Sharti ni moja: usiku kusiwe kumenyesha. Udongo ule ukilowa hujaza nafasi kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na hapo hakuna cha bei ya baiskeli wala uhodari wa mwendeshaji. Mvua ikinyesha, laleni mpaka saa nne, kisha rudieni barabara ya Nyabikere.

Siku ya tatu ni ya mdogo wako. Barabara ya Bundibugyo inaizunguka Rwenzori kwa kaskazini, inapita Karugutu, halafu inashuka kwa kona kali juu ya bonde la Semliki, msitu wa Kongo ukiwa umetandazwa chini yako. Ni lami, na kwa macho yangu hakuna barabara nzuri kuliko hiyo Uganda. Kweli inaishia mpakani, kinyume na kanuni yangu mwenyewe, lakini mpaka ule ni mdogo na hauna mzigo wa Malaba. Bonde ni joto na lina unyevu. Ukifika chini utaona kakao imeanikwa kwenye maturubai kandokando ya lami, na harufu yake kali ya kuchachuka inakufikia kabla hujaiona. Sempaya kuna chemchemi za maji moto ambako wageni huchemshia mayai.

Wewe unaweza kuendesha naye mpaka Karugutu, kisha upande gari. Binti na mumeo wawe kwenye gari tangu mwanzo wa siku. Najua mtasema kushuka si kazi. Kushuka ndiko kunakohitaji ujuzi kuliko yote: mteremko mrefu wenye kona, mikono inachoka kwa kushika breki, na kwa baiskeli za breki za rimu, rimu inapata moto. Mtoto wa miaka 14 ambaye hajawahi kushuka mlima wa namna ile asijifunzie pale. Wote mrudi kwa gari. Hata mdogo wako, kama atakuwa amefika Bundibugyo saa saba mchana, asijaribu kuupanda mlima ule kurudi na kukutwa na giza. Na kwa kuwa ni upande wa Kongo, asubuhi hiyohiyo ulizeni hali ya usalama hotelini na kwa polisi. Kiswahili chenu kitawafaa: polisi na jeshi wanakitumia, na upande ule wa mpaka hata wauza duka wengi wanakijua. Mkiambiwa leo hapana, basi ni hapana, na mrudi Kamwenge.

Siku ya nne ni ya kurudi Kampala. Kama mna saa mbili za asubuhi, Ziwa Kyaninga liko karibu na mji. Nendeni kunywa chai, mtazame maji yake, mfunge mizigo.

Ulitaja Jinja, na sitaki kuidharau. Mkifika kwa gari, barabara ya Njeru hadi Kayunga, upande wa magharibi wa Nile, inafaa kwa siku moja ya watu wasio na mazoezi: lami, vilima vya wastani, vijiji vingi vya kupumzika. Upande wa pili, barabara ya Kamuli, kumbuka kanuni yangu: kuna miwa, na kuna kiwanda. Trekta linalovuta tela mbili za miwa huchukua barabara nzima, na vipande vya miwa vilivyopondwa kwenye lami huteleza vibaya. Nzuri Jumapili, siku nyingine siipendi.

Mdogo wako akibaki na wiki ya ziada, Mbale hadi Sipi ni ya kupima mapafu. Kilomita kama 50, sehemu kubwa ya mwanzo ni tambarare chini ya Mlima Elgon, kisha barabara inapanda zaidi ya mita 600 mfululizo mpaka kwenye maporomoko. Akiwa na pumzi aendelee Kapchorwa, wilaya ya wakimbiaji akina Joshua Cheptegei na Stephen Kiprotich, na asishangae vijana wa pale kumpita kwa miguu kwenye kilima. Chaguo jingine ni Hoima hadi Kaiso-Tonya, kilomita 92 zilizowekwa lami kwa ajili ya mafuta ya Ziwa Albert. Ni pana na laini. Lakini Hoima iko juu ya mita 1,100 na ziwa liko kwenye 620 hivi; kila ulichopewa bure asubuhi utakilipa mchana kwenye jua kali, na maduka ni machache, kwa hiyo chupa mbili za maji hazitoshi.

Kisiwa cha Bugala, katika visiwa vya Ssese vya Ziwa Victoria, wengine watakuambia. Kivuko cha Bukakata kwenda Luku hakitozi nauli na magari kisiwani ni machache mno, lakini barabara nyingi ni za udongo. Kiwekeni kwa mwaka ambao wote mna matairi mapana.

Tarehe: kama mnaweza, msiende Desemba. Kuanzia kama tarehe 20 nusu ya Kampala inakwenda kijijini, na madereva wana haraka ambayo hawana miezi mingine. Januari ni kiangazi vilevile na shule bado zimefungwa kwa sehemu kubwa ya mwezi. Nendeni wiki ya pili, barabara zitakuwa zenu. Upande wa Rwenzori hata kiangazi mvua inaweza kunyesha alasiri, kwa hiyo anzeni mapema. Jua kule huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama kama saa moja jioni, mwaka mzima karibu sawa.

Sasa mambo ya barabarani ambayo hata wewe wa kila Jumapili huenda hujayazoea nje ya mji.

Kabla ya kila senta kuna matuta: kwanza safu za vituta vidogo, halafu tuta lenyewe. Pembeni kabisa mwa tuta, pale bega la barabara linapokutana na lami, boda boda zimechonga njia laini ya upana wa kiganja au viwili. Utaitamani. Ni njia nzuri, lakini boda za pande zote mbili huitumia, na anayekuja kinyume hatapunguza mwendo. Inua kichwa kwanza, hakikisha ni tupu, ndipo uingie. Binti apite juu ya tuta polepole, amesimama kwenye pedeli.

Ukingo wa lami nao ni adui wa kimya. Mahali pengi umeliwa, na kati ya lami na bega kuna ngazi ya sentimita kadhaa. Ukitoka si shida. Shida ni kurudi. Watu huanguka kwa kujaribu kupanda ngazi hiyo kwa pembe ndogo, gurudumu la mbele linasugua ukingo na mtu yuko chini. Ukishatoka, simama au tafuta mahali palipo sawa, kisha rudi kwa kukata kona kabisa. Mfundisheni binti jambo hili nyumbani, kwenye ukingo wa barabara ya mtaa, kabla ya safari.

Na honi: kijijini dereva akipiga fupi mara moja, anakusalimu au anakujulisha yupo. Akishikilia ndefu, maana yake hatakupunguzia mwendo na anatarajia uondoke. Ondoka. Gari linalolipita jingine kutoka mbele litakuwa upande wako na litaamini kwamba wewe ndiye utakayetoka. Haki ni yako, mwili pia ni wako, chagua.

Chakula hakitawasumbua. Rolex ya chapati na mayai mawili inapatikana kila senta, gonja (ndizi tamu) ya kuchoma pia, na chai ya maziwa. Mtu wa Tooro akikuuliza empaako yako, yaani jina la heshima kama Akiiki, Amooti au Abwooli, mwambie huna. Atakupa moja papo hapo, na wote mtaitwa hivyo mpaka mtakapoondoka.

Kuhusu kukodi: bebeni zenu. Za kukodi Fort Portal zinafaa kuzungukia kreta, hazifai kilomita 80 za lami kwa mtu aliyezoea siti yake. Kwenu nyote wa baiskeli za barabara, wekeni matairi ya milimita 28, na kama fremu inaruhusu 32, ndiyo bora. Nyuma muwe na sproketi yenye meno 32 au 34. Mdogo wako atacheka, kisha ataiazima yako Bundibugyo. Fundi baiskeli yuko kila senta, na kwa spoku iliyokatika au mnyororo uliofunguka atakutoa kwa bei ya soda. Ila tairi na tyubu alizonazo ni za inchi 28 za zile baiskeli za matoke, na za inchi 26, ambazo zitamfaa binti kama baiskeli yake ni ya saizi hiyo. Tairi la 700 la baiskeli yako usitegemee kulipata nje ya Kampala, na ile inchi 28 yake haiingii kwenye rimu yako ingawa jina linadanganya. Kila mtu abebe tyubu mbili, viraka, na pampu yake mwenyewe. Kama valvu zenu ni zile nyembamba za Presta, nunueni kile kichwa kidogo cha shaba cha kugeuzia, kimoja kwa kila baiskeli, mkifunge kwenye valvu kabisa kabla ya kuondoka Ntinda, maana kikiwa mfukoni hupotea siku ya kwanza.